Kabla Hujachupa kutoka Jabalini

Picha za likizo zinazozunguka kwenye simu za watu wa Kampala siku hizi si za twiga na machweo pekee. Kuna ile ya kijana aliye hewani, miguu imebanana, nyuma yake jabali jeupe na chini yake bahari ya Mallorca, Uhispania, au Gozo, Malta. Mtu wa Ntinda au Kansanga anaiona, kesho yake anaanza kuulizia tikiti. Sina ugomvi na mchezo huo. Kuchupa kutoka jabalini ukiwa na mwongozaji anayeijua kazi yake ni raha ambayo mtu mzima mwenye afya anaweza kuionja bila kuwa mwanamichezo. Tatizo ni kwamba karibu kila anayeuliza huanza na urefu wa jabali. Mimi ningeanza na jambo lingine: ukishaingia majini, utatokea wapi, na utafikaje hapo?

Urefu nao una hesabu zake, na ni vizuri kuzijua mapema kwa sababu zinapunguza majigambo. Ukichupa kutoka mita 3 unayafikia maji kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 ni kilomita 36. Kutoka mita 10 ni kilomita 50, na muda wote wa kuwa hewani haufiki sekunde moja na nusu. Kilomita 50 kwa saa ni mwendo wa bodaboda iliyopata upenyo Jinja Road asubuhi ya Jumapili, na aliyewahi kuanguka kutoka kwenye bodaboda ya namna hiyo hahitaji maelezo zaidi. Maji hukupisha ukiyaingia kwa nyayo, mwili umenyooka. Ukiyaingia kwa tumbo, kwa mgongo au ukiwa umekaa, yanakupiga. Hata mabingwa wa mashindano ya dunia, ambapo wanaume huchupa kutoka mita 27 na wanawake kutoka mita 20, humaliza mikogo yao yote ya hewani kwa kuingia na miguu kwanza, na chini huwa kuna wapiga mbizi wa uokoaji wanaowasubiri. Ikiwa wao hawatangulizi kichwa, wewe wa likizo ya siku saba unakitanguliza kwa ajili ya nani?

Kwa siku ya kwanza, mita 3 zinatosha. Ukizifanya vizuri mara kadhaa, panda hadi 5. Mita 10 ziache kwa safari nyingine, na usione haya kutozifikia kabisa. Kuhusu kina, mabwawa ya mashindano yana kipimo kizuri cha kukumbuka: chini ya jukwaa la mita 10 kanuni hutaka kina kisichopungua mita nne na nusu, na kinachopendelewa ni mita 5. Hapo ni bwawa lenye sakafu iliyosawazishwa. Baharini na mtoni sakafu ni mawe, na mawe hayakuchongwa kwa ajili yako.

Sasa tuseme lisilopendeza. Wengi wetu Kampala hatujui kuogelea. Tumezaliwa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, tunakula samaki wake, Jumapili tunakwenda ufukweni Entebbe, lakini tukiingia majini tunaishia kiunoni. Novemba 2018, pale mashua ya starehe MV Templar ilipozama upande wa Mukono, zaidi ya watu 30 walikufa wakiwa karibu kabisa na nchi kavu. Mashua ilikuwa mbovu na imejaa kupita kiasi, na wengi walikuwa hawajavaa majaketi ya kuelea. Siwakumbushi msiba ule ili kutishana. Naukumbusha kwa sababu nimesikia mtu akisema hana haja ya kujua kuogelea ili achupe, eti mwongozaji atamvuta. Mwongozaji anaweza kukuvuta, ndiyo. Ila kama ameleta wageni wanane na wewe ndiye unayepiga kelele, wale saba wamebaki na nani?

Kwa hiyo maandalizi yako yaanze hapa nyumbani miezi kadhaa kabla ya safari. Hoteli nyingi za mjini huruhusu mtu wa nje kulipia bwawa, na Munyonyo kuna bwawa refu linalofaa kwa mazoezi ya kweli. Tafuta mwalimu, si rafiki anayejua kidogo. Lengo si mtindo wala kasi. Unahitaji kuweza kuogelea mita mia moja bila kushika ukingo, kuelea chali ukiwa umetulia, na kutulia pale maji yanapoingia puani. Jaribu pia kuruka kutoka ukingo wa bwawa mahali penye kina, miguu mbele, ukipumua nje kwa pua unapozama, kisha ogelea hadi ngazi bila kusimama. Ukilifanya hilo mpaka likawa la kawaida, sehemu kubwa ya hofu ya jabalini itakuwa imekwisha. Linalobaki ni hofu ya urefu, na hiyo ina faida zake.

Hatua inayofuata ni Jinja, kilomita kama 80 tu kutoka Kampala. Pale Nile inapotoka ziwani, kampuni za kushuka mto kwa mitumbwi ya mpira zimefanya kazi tangu miaka ya 1990, na waongozaji wao wengi ni vijana wa kando ya mto waliofundishwa uokoaji. Siku ya mtumbwini ni shule nzuri kwa anayetaka kuchupa: unavalishwa jaketi na helmeti, unatupwa majini utake usitake, unajifunza kuelea miguu ikiwa mbele kuelekea mto unakokwenda, na unajifunza kumsikiliza mtu mmoja tu. Kwenye sehemu tulivu mwongozaji akikuonyesha mwamba wa kuchupia, hiyo ndiyo nafasi yako ya mita mbili au tatu za kwanza. Usichanganye jambo hili na ule mnara wa mita 44 uliolipa jina eneo la Jinja kwa kuruka na kamba. Kwenye kamba wewe ni mzigo uliofungwa, na kazi yote inafanywa na vifaa na anayevifunga. Jabalini hakuna kilichofungwa.

Nile ya Jinja ina tabia moja ambayo mgeni haioni. Mabwawa ya umeme ndiyo yanayoamua maji yapite kiasi gani. Lile la Owen Falls la 1954 liliyameza maporomoko ya Ripon, la Bujagali lililokamilika 2012 likafunika maporomoko ya Bujagali, na la Isimba la 2019 likatuliza sehemu nyingine kule chini. Maji yakifunguliwa au kuzuiwa, mto hupanda au kushuka, na mwamba uliokuwa na kina asubuhi unaweza kuwa na maji haba jioni. Ndiyo maana ushahidi wa rafiki aliyechupa pale mwezi uliopita akatoka salama hauna uzito. Anayefaa kuulizwa ni aliyeyatazama maji leo.

Kabla ya Bujagali kufunikwa, vijana wa pale walikuwa wakijitosa kwenye maporomoko wamekumbatia jerikeni la manjano, watalii wakitoa shilingi kutazama. Wale vijana walikuwa mafundi. Waliijua kila kona ya mkondo tangu utotoni. Zanzibar nako, ukutani Forodhani, jioni bahari ikijaa utawaona vijana wa makachu wakikimbia na kujirusha, wengine wakizunguka hewani mara mbili kabla ya kugusa maji. Ni burudani isiyo na mfano, na ukipita Unguja usikose kuitazama. Lakini ufundi wa kuchupa ni kitu kimoja na ufundi wa kumchupisha mgeni ni kitu kingine. Kijana wa makachu anajua mwili wake, anajua ukuta wake, anajua saa ya maji. Hajui kwamba wewe una goti bovu, kwamba miwani yako ndiyo macho yako, au kwamba ukiogopa huwa unakunja miguu. Ukimwomba akuonyeshe naye akakuambia, "Ruka tu, mzee, hakuna shida," hajakudanganya. Kwake hakuna shida kweli.

Pwani yetu ina funzo jingine ambalo mtu wa bara huchelewa kulipata. Zanzibar na Mombasa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati za bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hukaribia mita 4. Mahali pa kuchupia saa kumi jioni panaweza kuwa mawe matupu saa nne usiku. Kwenye visiwa vya Mediterania kujaa na kupwa ni kudogo mno, mara nyingi hakufiki hata nusu mita, kwa hiyo mgeni hudanganyika kudhani kwamba kule kina hakibadiliki. Hubadilika kwa njia nyingine: mchanga husogezwa na dhoruba, mawe huanguka kutoka juu, mawimbi hupandisha na kushusha maji ukutani. Pale Dwejra, kisiwani Gozo, kulikuwa na tao maarufu la mwamba ambalo watu walikuwa wakipanda na kuchupa kutoka juu yake licha ya makatazo. Tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ililiangusha lote baharini, na leo halipo. Jabali linaloonekana la milele kwenye picha lina umri wake pia.

Tuje kwa mwongozaji, maana ndiye unayemlipa. Kule Mallorca, Gozo na kwingineko huduma hii mara nyingi huuzwa ndani ya matembezi ya nusu siku kando ya pwani ya miamba: mnatembea, mnaparamia, mnaogelea mapangoni, mnachupa hapa na pale. Mtindo huo ulianza kuuzwa kama utalii huko Wales katika miaka ya 1980 ukasambaa. Uzuri wake ni kwamba hukutani na jabali kubwa mara ya kwanza. Unapata vidogo vitatu au vinne njiani, na mwongozaji anapata muda wa kukusoma.

Msome na wewe. Kabla ya kulipa, uliza kundi lina watu wangapi na waongozaji wangapi. Wageni wanane kwa mwongozaji mmoja ni wengi mno kwa anayeanza, labda kama kuna msaidizi wa pili majini. Uliza ana cheti gani cha uokoaji na huduma ya kwanza na kilitolewa lini. Mwenye nacho hachukii kuulizwa. Uliza mambo yakiharibika mpango ni upi: mtu akiumia mgongo mahali ambapo gari halifiki, anatolewaje? Jibu zuri lina mambo ndani yake, yaani boti ya nani, redio au simu gani, bandari ipi, hospitali ipi. Ukijibiwa kwamba hajawahi kuumia mtu hapa, hujajibiwa.

Mkifika jabalini, tazama anachofanya kabla hajasema neno. Mwongozaji wa kweli hushuka majini kwanza. Huvaa miwani ya maji, huzama, hupapasa chini, huogelea mahali mtakapoangukia na pembeni yake, kisha huonyesha pa kutokea: ngazi, jiwe la chini, au ufuko mdogo upande wa pili. Halafu huwapitisha nyote pale pa kutokea, mkiwa mnaogelea, kabla yeyote hajachupa. Hili la mwisho ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Mawimbi ya ukutani yanayoonekana mapole kutoka juu yanaweza kukugonga na mwamba kila unapojaribu kupanda, na mtu aliyeishiwa pumzi baada ya kuchupa ndiye anayegongwa zaidi. Kama kutoka ni kugumu, kuchupa hapo hakufai, hata kina kiwe mita 20.

Tazama pia kama kuna njia ya kurudi chini kwa miguu. Mwongozaji mzuri huisema mwenyewe: "Ukifika juu ukabadili nia, unashukia pale." Mbaya huwapandisha mahali pasipo njia nyingine, kisha kundi zima linaanza kumhesabia mtu anayetetemeka, tatu, mbili, moja. Mtu anayechupa kwa sababu ya aibu huchupa vibaya, kwa sababu mwili wake unarudi nyuma wakati miguu inakwenda mbele, na hapo ndipo watu hutua kwa mgongo. Ukiona unasukumwa kwa maneno, kaa chini. Kaa kabisa, makalio juu ya jiwe. Hakuna anayeweza kumhesabia mtu aliyekaa.

Kuchupa kwenyewe ni kazi fupi. Simama ukingoni kwa viatu vya maji au raba kuukuu, si peku, maana miamba ile ni mikali, na kule Mediterania viumbe weusi wenye miiba mirefu hujibandika palepale pa kupandia. Tazama mbele, mbali, usitazame maji, kwa sababu kichwa kikiinama kiwiliwili hufuata. Piga hatua moja kubwa kwenda mbele kana kwamba unavuka mfereji. Usikimbie na usiruke juu. Hewani kusanya miguu, kaza mapaja na makalio, mikono ibane mbavuni au ikunjwe kifuani. Mikono iliyotandazwa hupigwa na maji na bega linaweza kuchomoka. Ukivaa jaketi la kuelea, shika mabega yake kwa mikono iliyopishana ili lisipande likakugonga kidevu, na usilitumie kwa urefu unaozidi ule aliokuambia mwongozaji. Helmeti ifungwe isiyumbe, maana iliyolegea huchota maji na kuvuta shingo. Toa pumzi kwa pua unapozama. Ukiibuka, inua mkono kuonyesha uko salama, kisha ondoka hapo mara moja, kwa sababu kuna mwenzako juu. Wewe nawe usichupe kabla aliyekutangulia hajafika pa kutokea.

Kuna jambo ambalo husemwa kwa mafumbo na wengine hawalisemi kabisa. Maji yanayoingia mwilini kwa kasi kupitia sehemu za siri au njia ya haja kubwa yanaweza kuchana ndani, na wanawake wako hatarini zaidi. Kinga yake ni miguu iliyobanana barabara na vazi la kubana linalofika mapajani: kaptura nzito ya kuogelea au, bora zaidi, suti ya mpira. Bikini ni ya kupigia picha. Wanaume nao wasichupe na bukta pana, kwa sababu ambazo watazielewa baada ya kuchupa mara moja tu. Anayejistiri ana suti za kuogelea zinazofunika mwili wote na kichwa, ila kitambaa kibane, kisipepee. Wigi liache hotelini. Rasta ndefu zifungwe chini kabisa kwa kitambaa, maana zikiloa ni nzito na zikifunika uso huoni pa kwenda. Hereni, mikufu, miwani na simu vyote vibaki kwa mtu aliye nchi kavu.

Asiyefaa kuchupa ni mjamzito, mwenye kifafa, mwenye moyo au mgongo uliowahi kutibiwa ambaye hana ruhusa ya daktari, mwenye mafua yaliyoziba masikio, na yeyote aliyekunywa. Bia moja ya mchana ni pombe. Kule Magaluf, Mallorca, vijana wa kigeni wamekufa wakijirusha kutoka roshani za hoteli kuelekea bwawani, karibu kila mara pombe ikihusika, mpaka mamlaka za pale zikaanza kutoza faini. Wenyeji wa kisiwa wanawajua vizuri wageni wa namna hiyo. Usishangae mwongozaji akikunusa.

Kuhusu safari yenyewe, majira yana maana kuliko bei. Mwezi Agosti maji ya Malta au Mallorca huwa na joto la nyuzi 25 hadi 27, kama ziwa letu au zaidi. Februari na Machi hushuka hadi 14 au 15, na hapo tikiti ni rahisi. Mwili uliozoea Kampala ukitoswa ghafla kwenye baridi hiyo huvuta pumzi bila hiari, na ukivuta pumzi ukiwa chini ya maji unakunywa bahari. Nenda Julai hadi Septemba. Ukienda nje ya hapo, kodi suti ya mpira na ogelea dakika kadhaa kabla ya kuchupa mara ya kwanza, mwili uzoee. Uliza pia kuhusu yavuyavu. Siku yanapojaa, mwongozaji anayejali hubadili mahali au huahirisha.

Malta, Uhispania, Italia na Ugiriki zote ziko kwenye viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15. Viza hiyo inadai bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na hapa ndipo watu hujikwaa: bima rahisi inayotosheleza ubalozi mara nyingi haigharamii michezo ya hatari. Soma ukurasa wa yasiyolipiwa kabla ya kulipa. Tafuta maneno ya kuchupa, kuparamia miamba na michezo ya majini. Yakiwa kwenye yasiyolipiwa, omba nyongeza na upewe kwa maandishi. Neno la ajenti wa Kampala Road halitakulipia helikopta. Anayekwenda Jinja tu naye aulize kama malipo ya kampuni yana bima ndani yake na inafika kiasi gani.

Baada ya kuchupa, jiangalie kwa siku mbili tatu. Michubuko ya mapajani ni ya kawaida. Maumivu ya mgongo au shingo yanayozidi, ganzi miguuni, mkojo wenye damu, kutokwa damu ukeni au sikio lisilosikia ni ya hospitali siku hiyohiyo, na namba ya bima ipigwe kabla hujasaini karatasi ya malipo. Waliochupa Jinja wana jambo moja la ziada, nalo ni kichocho. Kinapatikana kandokando ya ziwa na mto, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na hakionyeshi dalili upesi. Jipanguse kwa taulo mara unapotoka, kisha pima baada ya wiki sita hadi nane, si kesho yake, maana mapema mno kipimo hakioni kitu. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo usimeze za jirani.